Nisaini Mkataba Unaozichukua Nyimbo Zangu Zote?

SWALI

Mpendwa mshauri, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 26, mkazi wa Igoma hapa Mwanza. Natunga na kuimba nyimbo zangu mwenyewe tangu nikiwa sekondari. Siku za kazi nauza katika duka la steshenari, na usiku wa Ijumaa na Jumamosi naimba na bendi ndogo katika hoteli moja upande wa Capri Point, ambako nalipwa shilingi 50,000 kwa usiku. Msimu wa harusi unapofika tunaalikwa pia Sengerema, Geita na hata Ukerewe, na huko malipo huwa mazuri zaidi. Nimesharekodi nyimbo sita kwa fedha zangu, na daftari langu lina nyimbo nyingine zaidi ya thelathini ambazo bado hazijaingia studio.

Hivi karibuni meneja mmoja wa Dar es Salaam, ambaye pia anamiliki lebo, alinisikia nikiimba hotelini na kuniambia kwamba anataka kunisimamia. Amenipa mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza, na rafiki yangu anayesomea sheria amenisaidia kuuelewa. Mkataba ni wa miaka saba, na yeye peke yake ndiye mwenye uamuzi wa kuuongeza. Mapato yangu yote ya muziki, pamoja na ya hotelini na ya harusi, yatagawanywa asilimia 60 kwake na 40 kwangu, baada ya kutoa gharama. Nyimbo zote nilizokwisha kutunga na nitakazotunga katika miaka hiyo zitakuwa mali ya lebo, na jina langu la kisanii vilevile. Nikivunja mkataba nitalipa shilingi milioni 80. Kwa upande wake ameahidi kunirekodia nyimbo kumi, kunitengenezea video mbili na kunipangia chumba Dar es Salaam. Anataka nisaini kabla ya mwisho wa mwezi, kwa maelezo kwamba wapo wasichana wengine wanaoisubiri nafasi hiyo.

Mama yangu, ambaye anauza dagaa pale mwaloni Kirumba na ndiye aliyenisomesha, hataki hata kusikia habari hizi. Mjomba anasema nisipoteze bahati. Mimi nimegawanyika, kwa sababu nimechoka kuimba nyimbo za watu wengine hotelini ili wageni wale chakula, na sijui kama mtu mwingine atakuja tena.

Nina mambo mengine mawili. Mwaka 2022 nilimwandikia wimbo mwimbaji mwenye jina kubwa kuliko langu. Alinitumia shilingi 300,000 kwa simu, hatukuandikiana chochote, na sasa wimbo ule unapigwa redioni kila siku bila jina langu kutajwa popote. Je, bado nina haki yoyote? Pia marehemu babu yangu mzaa mama, aliyefariki mwaka 2009, alikuwa manju wa ngoma za Kisukuma, na baadhi ya nyimbo zangu zimetumia sauti na viitikio vyake. Meneja anasema nyimbo hizo ndizo zilizomvutia zaidi. Nakuomba unishauri.

Mtunzi wa Igoma, Mwanza

JIBU

Marahaba, binti yangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na jibu langu kwa swali la kwanza ni kwamba usiusaini mkataba huo jinsi ulivyo. Sisemi umkatae meneja, kwa kuwa huenda ana uwezo wa kweli wa kukufikisha mahali ambapo peke yako ungechelewa kufika. Ninachokuomba ukikatae kabisa ni kipengele kinachozichukua nyimbo ulizotunga na utakazotunga. Vipengele vingine vyote vina nafasi ya mazungumzo, lakini hicho kinagusa kitu ambacho ukishakitoa ni vigumu mno kukirudisha.

Kila wimbo unaotoka studio hubeba mali mbili. Ya kwanza ni utunzi wenyewe, yaani maneno na melodi. Ya pili ni rekodi, yaani ile sauti iliyohifadhiwa, ambayo mara nyingi humilikiwa na aliyegharamia studio. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inautambua utunzi kuwa mali ya mtunzi tangu anapoutunga, bila kungoja cheti cha ofisi yoyote, na ulinzi huo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo daftari lako, ambalo pengine limefungiwa katika begi chini ya kitanda, ni mali inayoweza kuwanufaisha hata watoto na wajukuu utakaowaacha. Meneja anayesema atarekodi nyimbo kumi ana haki ya kuzungumzia rekodi za nyimbo hizo kumi atakazozilipia. Hana sababu ya haki ya kuchukua utunzi wa nyimbo zaidi ya thelathini asizozigharamia, wala wa zile sita ulizozilipia mwenyewe.

Rudi pia kwenye mkataba uangalie jambo ambalo barua yako haikuligusa: baada ya miaka saba, nyimbo zinarudi kwako au zinabaki kwa lebo daima? Ikiwa mkataba unasema tu kwamba nyimbo ni mali ya lebo na ukanyamaza hapo, utatoka mwaka wa saba ukiwa na sauti yako lakini bila ruhusa ya kuimba kazi zako mwenyewe pasipo kuomba. Mfano unaojulikana sana ni wa Solomon Linda wa Afrika Kusini, aliyerekodi wimbo wa Mbube mwaka 1939 mjini Johannesburg na kuachia haki zake kwa malipo madogo mno. Wimbo ule ulizunguka dunia nzima kwa majina mengine na kuwatajirisha wengi, lakini yeye alifariki mwaka 1962 akiwa maskini, na familia yake ilifikia makubaliano ya kulipwa mwaka 2006 tu, baada ya kwenda mahakamani. Hakuporwa kwa nguvu. Alisaini.

Sasa tuingie kwenye mgawanyo wa mapato. Asilimia 60 kwa 40 ni mgawanyo mzito kwako, lakini maneno yanayonisumbua zaidi ni yale manne, «baada ya kutoa gharama». Mama yako anaufahamu utaratibu huu kuliko wewe na mimi, kwa sababu ziwani tajiri wa mtumbwi hukata kwanza mafuta ya injini na matumizi mengine ya safari, ndipo kinachobaki kigawanywe kati yake na wavuvi. Wavuvi hao, hata hivyo, huyaona mafuta yakimiminwa, hujua mtumbwi ulitoka mara ngapi, na samaki hupimwa mizani ikiwa mbele ya macho ya watu. Wewe utakuwa Mwanza au Dar es Salaam ukiambiwa tu kwamba video imegharimu kiasi fulani, kwamba redio zimehitaji fedha ya promo, kwamba nguo, usafiri na kodi ya chumba vimeingia katika hesabu, na kwamba kwa sasa bado unadaiwa. Wapo waimbaji wanaosikika nchi nzima ambao kwenye vitabu vya lebo zao wana deni. Kwa hiyo omba mkataba utaje kiwango cha juu cha gharama kwa kila wimbo na kila video, useme kwamba gharama yoyote inayozidi hapo haitakatwa bila wewe kuikubali kwa maandishi, ukupatie taarifa ya mapato na matumizi angalau kila baada ya miezi sita, na ukupe haki ya kumtuma mhasibu akakague vitabu. Mtu mwenye nia njema hatakasirishwa na maombi hayo, kwa kuwa hayampunguzii hata shilingi moja aliyoitumia kweli.

Mapato ya hoteli na ya harusi yasiingie humo hata kidogo. Kazi hizo umezitafuta mwenyewe kabla hujamfahamu, na kama akikutafutia kazi mpya basi achukue sehemu ya kazi hizo mpya tu.

Kuna jambo lingine ambalo watu wengi hulipita bila kuliona. Kazi ya meneja ni kukutetea wewe mbele ya lebo, mapromota na wenye kumbi, na kwa kazi hiyo katika nchi nyingi hulipwa kati ya asilimia 15 na 20 ya mapato anayokuingizia. Huyu wako ni meneja na ni mwenye lebo. Siku utakapoona kwamba lebo imekukata zaidi ya ilivyostahili, utamtuma nani akakutetee? Sisemi kwamba mtu mmoja hawezi kushika nafasi zote mbili, maana hapa nchini jambo hilo ni la kawaida. Nasema asilipwe mara mbili kwa shilingi ile ile, na nafasi hizo ziandikwe katika mikataba miwili tofauti, ili ukiridhika na moja na kuchoshwa na nyingine usilazimike kupoteza zote.

Muda wa miaka saba unaoongezwa kwa uamuzi wa upande mmoja ni mrefu kupita kiasi kwa mwimbaji wa miaka 26, kwa sababu unakufikisha miaka 33 na huenda ukakupitisha hapo. Omba miaka miwili au mitatu, au mkataba unaohesabiwa kwa nyimbo kumi alizoahidi, na nyongeza iwe kwa ridhaa ya pande zote. Iandikwe pia kwamba nyimbo hizo kumi zisipotoka katika muda uliotajwa, wewe uko huru. Mkataba ulionieleza unakutoza milioni 80 ukivunja ahadi, lakini katika maelezo yako sijaona adhabu yoyote kwake akikuweka kabatini miaka mitatu bila kutoa wimbo. Adhabu, kama ipo, ielekee pande zote mbili na ilingane na hasara halisi. Jina lako la kisanii libaki kwako. Alama za biashara husajiliwa BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, na ukipata uwezo nenda ukalisajili kwa jina lako mwenyewe, kwani wasanii wengine wamejikuta wakianza upya wakiwa na jina geni mbele ya mashabiki wale wale.

Pendekezo ambalo ningelipeleka mezani kama ningekuwa wewe ni hili: utunzi wote unabaki kuwa wangu, rekodi za nyimbo kumi utakazozilipia uzimiliki au uzitumie kwa miaka itakayokubaliwa, kisha zirudi kwangu, nyimbo hizo zitajwe moja moja kwa majina katika kiambatisho cha mkataba, na wimbo usiotajwa humo haumo. Akilikubali hilo, mengine yote mtayapatanisha kwa utulivu. Akilikataa na kusema anataka daftari zima, atakuwa amekueleza mwenyewe kwamba alichokijia Mwanza ni nyimbo zako na si kukulea kama mwimbaji.

Usiende kwenye mazungumzo hayo peke yako. Rafiki yako anayesoma sheria amekusaidia sana na anastahili shukrani, lakini mkataba wa miaka saba wenye faini ya milioni 80 unahitaji wakili. Mwanza ina masjala ya Mahakama Kuu, na mawakili hawakosekani mjini. Uliza kwanza gharama ya kusoma mkataba na kukuandikia maoni, kwa sababu hiyo ni ndogo kuliko ya kusimamia kesi, na ikibidi uuze masaa ya ziada ya kuimba ili uipate, yauze. Omba pia nakala ya Kiswahili na mkataba utamke kwamba nakala zote mbili zina nguvu sawa. Kuhusu mwisho wa mwezi na wasichana wanaosubiri, mjibu kwa adabu kwamba wakili wako anausoma na utamletea maoni. Nafasi inayoweza kufutwa kwa sababu mtu ameomba wiki mbili za kusoma ni nafasi ambayo isingekufaa hata ukiipata.

Nataka niguse kidogo suala la kuhama. Dar es Salaam ndiko vilipo vyombo vingi vya habari na lebo kubwa, na siwezi kukudanganya kwamba hilo halina uzito. Lakini usidharau ulichonacho hapa. Kanda ya Ziwa ina watu wengi wanaoelewa Kiswahili chako na Kisukuma chako, waimbaji wa Kisukuma wanatazamwa sana YouTube bila kuhama vijijini kwao, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 safari ya harusi ya Sengerema au Geita haitegemei tena foleni ya kivuko. Fid Q, msanii wa hip hop, ni mtoto wa Mwanza na hakuwahi kuuficha mji wake ili asikike. Ukihama, hama kwa sababu kazi imekuita, na uhakikishe kodi ya chumba haitageuka kuwa deni ndani ya zile gharama.

Wakati mazungumzo yanaendelea, weka nyumba yako sawa. Jisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kama bado hujafanya hivyo, kisha upeleke nyimbo zako sita COSOTA, ofisi ya hakimiliki, zikasajiliwe. Usajili huo si unaokupa haki, kwa kuwa haki unayo tayari, lakini cheti chenye tarehe ni ushahidi mzuri siku ya ubishi. Kwa kila wimbo, kaa na prodyuza wako mwandikiane karatasi moja inayoeleza nani alitunga maneno, nani alitunga melodi, nani alitengeneza biti, nani anamiliki rekodi, na kila mmoja ana asilimia ngapi. Fanyeni hivyo sasa wakati mnaelewana na hakuna fedha ya kugombania. Ukisambaza nyimbo kwenye majukwaa ya kidijitali, hakikisha kila rekodi ina namba yake ya ISRC, yaani namba ya kimataifa ya kuitambulisha rekodi, na kwamba jina lako limeandikwa kama mtunzi na si kama mwimbaji tu, maana mirabaha ya mtunzi, yaani malipo ya matumizi ya wimbo, humfuata yule aliyeandikwa.

Hapo ndipo tunafika kwenye wimbo wa mwaka 2022. Ndiyo, huenda bado una haki, na pengine kubwa kuliko unavyofikiri. Kupokea shilingi 300,000 hakumaanishi moja kwa moja kwamba uliuza utunzi wote milele, na jambo la kwanza ambalo wakili atakuuliza ni kama kuna maandishi ya kuhamisha haki. Wewe umesema hakuna. Zaidi ya hayo, sheria inampa mtunzi haki ya kutajwa kama mwenye kazi, na haki hiyo ni tofauti na ile ya fedha. Kusanya ushahidi leo: ujumbe wa muamala, mazungumzo ya WhatsApp, sauti ulizomtumia ukiimba wimbo kabla hajaurekodi, na ukurasa wa daftari. Vihifadhi zaidi ya mahali pamoja, kwani simu huibiwa. Kisha mwandikie barua ya heshima, ukimwomba kwanza jina lako liingizwe kama mtunzi kila mahali wimbo ulipo, na pili mkubaliane mgawanyo wa mirabaha ya utunzi kuanzia sasa. Usianze kwa kumshambulia mitandaoni. Mwimbaji aliyeaibishwa hadharani hujificha nyuma ya mawakili, ilhali yule aliyefuatwa faraghani mara nyingi huona ni nafuu kumaliza jambo. Akikaa kimya, wakili aandike barua ya pili. Hata wimbo wa Malaika, ambao Afrika Mashariki nzima tunauimba, umebaki na ubishi wa miaka mingi kati ya wanaomtaja Fadhili William aliyeurekodi na wanaosema uliwahi kutungwa na Adam Salim, na wote wawili wamekwisha kuondoka. Wewe bado upo, na simu yako bado ina ushahidi.

La mwisho ni la babu, na hili linaurudisha mkataba mezani kwa namna ambayo huenda meneja hakuitarajia. Tenganisha aina mbili za nyimbo alizokuachia. Zile ambazo si za mtu mmoja, ambazo Bagika au Bagalu, yale makundi ya ngoma ya Wasukuma, waliziimba tangu zamani na bado utazisikia Bujora wakati wa sikukuu ya ngoma ya Bulabo, ni sanaa za jadi, na sheria ya 1999 ina sehemu inayozilinda, inayotaka kibali pale zinapotumiwa kibiashara nje ya mazingira yake ya kimila. Nenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako akueleze utaratibu wa kukipata kupitia BASATA. Lakini zile ambazo babu alizitunga mwenyewe kama manju ni kazi zenye mtunzi. Alifariki mwaka 2009, kwa hiyo ulinzi wake bado una miongo mbele, na warithi wake ndio wenye haki, yaani mama yako, mjomba wako na ndugu zao. Kaeni kama familia, mtambue nyimbo zipi ni zake, mziandike, mrekodi wazee wanaozikumbuka, na wakupe ruhusa ya maandishi ya kuzitumia pamoja na sehemu ya mapato itakayorudi kwao.

Kisha mwombe wakili akutazamie kama mkataba ule unakutaka uthibitishe kwamba nyimbo zote unazozikabidhi ni zako peke yako. Mikataba ya namna hiyo huwa na kipengele hicho. Kama kipo, basi kwa kusaini tu ungekuwa umetoa thibitisho lisilo la kweli kuhusu zile nyimbo ambazo meneja anazipenda zaidi, na ungekuwa umeshakiuka mkataba siku ile ile ya kuusaini. Mweleze hivyo waziwazi: nyimbo za babu zina wenyewe, na atakayezitaka itabidi aje Kirumba azungumze na mama.